TMRM imetapakaa mpaka ndani ya kiini: ni rangi, ni dondoo, au ni taa?

*"Ninatafiti iwapo dondoo la majani ya mti mmoja wa dawa linashusha volteji ya mitokondria kwenye seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara). Naweka TMRM, rangi inayoonyesha volteji ya mitokondria, nanomola 200 pamoja na Hoechst 33342, rangi ya kiini, mikrogramu 5 kwa mililita, nasubiri dakika 30, naosha mara tatu, kisha napiga picha kwa hadubini ya floresenti yenye taa ya LED na lenzi ya mafuta ya 60×, kila sekunde 10 kwa dakika 20, rangi zote mbili. Mwanzoni mitokondria ni nyuzi nzuri. Baada ya dakika chache zinakatika na kuwa vipunje vya mviringo, halafu rangi inatapakaa seli nzima, hata ndani ya kiini. Seli zisizo na dondoo zinafanya hivyohivyo, ila zenye dondoo zinawahi. Mwenzangu wa maabara anasema niongeze rangi maana inafifia. Mwingine anasema TMRM iliharibika umeme ulipokatika na friza ikayeyuka. Msimamizi wangu anaona tuachane nayo tununue MitoTracker, rangi nyingine ya mitokondria. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuandika kwamba dondoo linashusha volteji?"*

Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao, na sentensi ya dondoo usiiandike bado. Ulichokieleza, yaani nyuzi kukatika, vipunje kuvimba, kisha rangi kumwagika mpaka kwenye kiini, ndivyo zinavyoonekana seli zilizoumizwa na mwanga wa hadubini yenyewe. Rangi uliyoweka ni nyingi mno, na wingi huo ndio unaoupa mwanga nguvu ya kuumiza. Jambo la kwanza kuliangalia ni lile ulilolitaja kama la pembeni: seli zisizo na dondoo nazo zinaharibika. Kundi la ulinganisho likishaharibika, hakuna unachoweza kusema kuhusu dawa.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio ambalo halina gharama. Andaa kisahani kimoja kama kawaida yako, bila dondoo. Piga picha zako kwa dakika 20 upande mmoja. Zikiisha, sogeza meza ya hadubini milimita kadhaa mpaka mahali ambapo taa haijawahi kufika, tafuta fokasi kwa mwanga wa kawaida unaopita kwenye seli (si wa floresenti), kisha piga picha moja tu ya TMRM. Seli hizo zimekaa na rangi ileile, kwa muda uleule, kwenye joto lilelile. Kilichozitofautisha na za kwanza ni mwanga peke yake. Kama mitokondria zake bado ni nyuzi, mkosaji umemkamata. Kama nazo zimekuwa vipunje, basi tatizo liko kwenye seli, joto au midia (majimaji ya kukuzia seli), na nitalirudia mbele. Ningeweka dau kwenye taa.

Sasa tuone kwa nini, maana ukiielewa njia ambayo rangi hii inaingilia utajua mwenyewe cha kubadilisha.

TMRM ni mtoto wa ukoo wa rhodamini. Mwaka 1980 Johnson, Walsh na Chen walionyesha kwamba rhodamini 123 ikiwekwa kwenye seli hai huenda moja kwa moja kwenye mitokondria, na tangu hapo ukoo mzima umekuwa ukitumika kwa kazi hiyo. Molekuli ya TMRM ina chaji chanya moja iliyosambaa kwenye pete zake, kiasi kwamba inaweza kupita kwenye utando wenye mafuta bila kuhitaji mlango. Haina kiungo cha kushika protini fulani ya mitokondria. Inafuata volteji tu. Ndani ya seli kuna uhasi kuliko nje, na ndani ya mitokondria kuna uhasi zaidi. Kwa nyuzi joto 37, kila milivolti 61 hivi za tofauti huzidisha ukolezo wa rangi mara kumi. Utando wa nje wa seli ukiwa na milivolti 60, rangi ndani ya seli inakuwa mara kumi ya nje. Utando wa ndani wa mitokondria ukiwa na milivolti 180, inazidishwa tena mara elfu moja.

Piga hesabu yako mwenyewe. Nanomola 200 nje zinakuwa mikromola 2 ndani ya seli, na zinaelekea milimola 2 ndani ya mitokondria. Ni makadirio, kwa sababu volteji hutofautiana kati ya seli na seli, na milivolti 150 zingekupa mara mia tatu hivi badala ya elfu, lakini ukubwa wa tatizo unauona. Kwenye ukolezo huo molekuli za rangi zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni: kila moja inazuia nyingine, na nishati ya mwanga wanayopokea inapotea kama joto badala ya kutoka kama mng'ao. Hali hiyo tuite kuzimana. Mitokondria yenye rangi nyingi mno haing'ai kadiri ya rangi iliyomo.

Hapa ndipo ushauri wa kuongeza rangi unapokuwa na hatari kuliko unavyoonekana. Ukiwa kwenye hali ya kuzimana, mitokondria ikipoteza volteji rangi inatoka, msongamano unapungua, na mng'ao wa seli nzima *unapanda* kwa muda kabla ya kushuka. Mtu asiyejua atapima mwanga wa seli nzima, aone namba imepanda, na aandike kwamba dawa imeongeza volteji wakati imeiua. Ukitumia nanomola 10 hadi 30, uko chini ya kuzimana: volteji ikishuka, mwanga wa mitokondria unashuka, na namba inasomeka kwa njia iliyonyooka. Kuzimana kuna matumizi yake kwa wanaofuatilia mabadiliko ya ghafla, sekunde kwa sekunde, lakini si kwa swali lako la kulinganisha visahani vyenye dondoo na visivyo nalo.

Neno "inafifia" nalo linahitaji kunyooshwa. Rangi inayopauka kwa mwanga hufa ilipo: nyuzi zinabaki nyuzi, zinazidi tu kuwa hafifu. Yako haikubaki ilipo. Imehama kutoka kwenye mitokondria kwenda kwenye majimaji ya seli, kisha ikajishikiza kwenye nukleoli, vile viduara vya ndani ya kiini. Chukua programu yako ya picha (ImageJ inatosha), chora mpaka kuzunguka seli nzima, pima jumla ya mwanga toka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kama jumla haishuki kwa kasi ya kuharibika kwa nyuzi, au inapanda katikati, huo si upaukaji. Ni mitokondria kuachia mzigo.

Na kwa nini ziuachie? Molekuli ya rangi ikimeza mwanga, mara nyingi huurudisha kama mng'ao ndani ya nanosekunde chache. Mara mojamoja hunasa kwenye hali nyingine ya nishati inayodumu zaidi, na hapo inapata muda wa kukutana na oksijeni na kuipa nishati hiyo. Oksijeni iliyochangamshwa namna hiyo ni kali, na haiendi mbali kabla ya kuunguza kitu. Fikiria iko wapi: ndani ya mitokondria, kwenye utando uleule unaotengeneza volteji. Rangi ikiwa mara kumi zaidi, wazalishaji wa sumu nao ni mara kumi zaidi, na wote wamepangwa mahali pabaya kuliko pote. Utando unavuja, volteji inaanguka, rangi inamwagika. Volteji ikianguka kimeng'enya OMA1 kinaamka na kukata protini OPA1 inayoziunganisha mitokondria, kwa hiyo zinaendelea kugawanyika lakini haziwezi kuungana tena. Ndiyo asili ya vipunje vyako.

Sasa tazama kipimo cha mwanga unachokitoa. Tuseme kila picha ni sekunde 0.2: picha zako 120 ni sekunde 24 za mwanga kwa rangi moja. Lakini karibu kila anayeanza husahau kuhesabu dakika ya kutafuta. Ukiacha taa ya floresenti ikiwaka dakika moja huku unazunguka ukitafuta seli nzuri na kurekebisha fokasi, umeshazipa seli hizo mwanga mara mbili na nusu ya mfululizo wako wote, kabla ya picha ya kwanza. Seli "nzuri" uliyoichagua ndiyo iliyochomwa kuliko zote.

Kuosha mara tatu ni kosa lingine, dogo kwa umbo ila kubwa kwa matokeo. Rangi inayofuata volteji hukaa kwa mizani kati ya nje, ndani ya seli na ndani ya mitokondria. Ukiondoa ya nje, umeivunja mizani na rangi inaanza kutoka taratibu hata kwenye seli zenye afya kamili. Utaona volteji "ikishuka" ambayo haijashuka. Kwa TMRM ya ukolezo mdogo hakuna haja ya kuosha: rangi inabaki kwenye midia muda wote wa kupiga picha. Ukungu wa nyuma wa nanomola 20 ni mdogo sana, na utauondoa kwenye hesabu.

Kuhusu friza na umeme, mwenzako anaogopa kitu halisi lakini amekielekeza kwa rangi isiyo sahihi. TMRM iliyoyeyushwa kwenye DMSO (kiyeyushi cha maabara) ni imara kiasi. Kuyeyuka mara moja kwa usiku mmoja hakuiui, na DMSO yenyewe huyeyuka ikifika kama nyuzi joto 18, kwa hiyo kila unapoitoa kwenye friza unaiyeyusha hata hivyo. Kinachoiharibu taratibu ni mwanga, na unyevu unaoingia kila kifuniko kinapofunguliwa kikiwa bado baridi. Ukiwa na wasiwasi, tengeneza kiasi kipya toka kwenye unga na ukiweke kwenye kisahani cha jirani kwa ukolezo uleule. Vikifanana, myeyusho wako wa zamani ni mzima. Rangi ambayo kweli ingepaswa kukunyima usingizi umeme ukikatika ni MitoTracker zenye kiungo cha klorometili, kwa sababu kiungo hicho humenyuka na maji.

Hivi ndivyo ningeandaa. Miligramu 5 za TMRM ya perklorati kwenye mililita 1 ya DMSO kavu hukupa milimola 10. Igawe kwenye vichupa vya mikrolita 10, funga kwa karatasi ya alumini, weka kwenye friza, na kila kichupa kikishafunguliwa usikirudishe mara nyingi. Toka kwenye kimoja, mikrolita 1 kwenye mikrolita 99 za DMSO ni mikromola 100. Huo ndio myeyusho wako wa kazi. Siku ya jaribio, mikrolita 1 ya huo kwenye mikrolita 99 za midia ni mikromola 1, na mikrolita 40 za hiyo zikiingia kwenye midia mpaka jumla ifike mililita 2 unapata nanomola 20, huku DMSO ikiwa asilimia 0.02 tu. Mchanganyiko wa midia usiutunze mpaka kesho. Rangi hii hujigandisha kwenye plastiki na ukolezo unashuka bila wewe kujua.

Seli zipandwe siku moja au mbili kabla, kwenye kisahani chenye sakafu ya kioo cha milimita 0.17. Lenzi ya mafuta imetengenezwa kwa unene huo, na ukipiga picha kupitia plastiki ya kawaida utalazimika kuongeza mwanga kufidia ukungu. Zijaze sakafu nusu hadi asilimia 70. Midia ya kupigia picha isiwe na fenoli nyekundu, maana hiyo nayo hung'aa. Kama hadubini yako haina gesi ya kaboni dioksidi, weka HEPES (kemikali ya kutuliza pH) milimola 20 kwenye pH 7.4, lakini usiiache midia hiyo mezani kwenye mwanga: HEPES na riboflavini vikipigwa mwanga pamoja hutengeneza peroksidi ya hidrojeni, na utakuwa umeitia seli sumu kabla ya kuanza. Weka TMRM, rudisha kwenye inkubeta dakika 45, kisha hamishia kwenye hadubini iliyokwisha kupashwa joto hadi 37. Lenzi ya mafuta inagusa kioo na inanyonya joto, kwa hiyo kama meza ina hita na lenzi haina, seli zilizo juu ya lenzi ziko baridi kuliko kipimo kinavyosema. Funika kisahani; maji yakikauka, rangi inakolea.

Kwa mwanga, anza na LED kwenye asilimia 2 hadi 5, muda wa picha milisekunde 100 hadi 200, na uunganishe pikseli mbili kwa mbili kwenye kamera. Piga picha kila dakika, si kila sekunde 10. Picha itakuwa na chengachenga na haitapendeza kuiweka ukutani. Hiyo ni sawa. Unatafuta picha ambayo namba yake unaweza kuiamini. Hakikisha pia kwamba taa inazimika kati ya picha na picha. Kwenye mitambo mingi kuna kisanduku cha kuweka alama kwenye programu, na kikisahaulika LED inawaka dakika zote 20. Simama pembeni uangalie kwa macho (usitazame ndani ya lenzi) kama unaona mwako au mwanga usiokatika.

Hoechst ndiyo sehemu ya mpango wako ninayoipinga zaidi. Inataka mwanga wa urujuanimno, karibu nanomita 350 hadi 400, ambao unaumiza DNA na seli kuliko mwanga wa kijani wa TMRM, na wewe umeutoa mara 120. Tena imeshikamana na DNA yenyewe, kwa hiyo chochote inachokizalisha ikichomwa kinazaliwa kwenye kromosomu. Na ina hila moja zaidi: ikipigwa mwanga huo sana, sehemu yake hubadilika na kuanza kung'aa kwenye kijani na hata nyekundu. Baadhi ya rangi unayoiona "ndani ya kiini" kwenye kichujio cha TMRM inaweza kuwa hiyo. Kama unahitaji viini ili kuhesabu seli, weka mikrogramu 0.2 hadi 0.5 kwa mililita, na piga picha moja tu ya buluu, mwisho kabisa, baada ya nyekundu zote kukamilika. Kisha iangalie vizuri picha hiyo: ukiona vidoa vidogo vingi vya buluu nje ya viini na kwenye kingo za seli, pima maikoplazma (bakteria wadogo sana wanaoambukiza seli za maabara). Maambukizi hayo hubadilisha kimetaboliki ya seli, na hayaonekani kwa hadubini ya kawaida.

MitoTracker si wazo baya. Ni jibu la swali jingine. MitoTracker nyekundu, iitwayo CMXRos, huingia kwa volteji, kisha klorometili yake inajifunga kwenye protini na kubaki hata ukiziua na kuzihifadhi seli kwa formaldehidi. Hiyo ni faida kubwa kama unataka kuona umbo la mitokondria na baadaye kupaka kingamwili. Lakini kwa kuwa imejifunga, haiwezi kutoka volteji ikishuka, kwa hiyo haikufuatilii mabadiliko. Ukiinunua, kichupa cha mikrogramu 50 kikiyeyushwa kwenye mikrolita 94 za DMSO kinakupa milimola 1. Tumia nanomola 50 hadi 100, usipite huko. Ndugu yake wa machungwa anajulikana kuzuia kompleksi I ya mnyororo wa upumuaji, basi ukolezo mkubwa wa familia hii usiuone kama jambo la bure. MitoTracker ya kijani hupendekezwa kwa kupima wingi wa mitokondria bila kujali volteji, dai ambalo ni nusu kweli, na tena baadhi ya seli huitapika kwa pampu zao za kusukuma dawa nje. Ile ya nyekundu iliyokolea sana, inayong'aa karibu nanomita 665, ningekuambia uiache kabisa kwa sababu ya dondoo lako: klorofili ya majani hung'aa papo hapo. JC-1, rangi nyingine ya volteji yenye kijani na nyekundu, inavutia kwenye maelezo ya wauzaji, ila huganda kwenye midia na matokeo yake huyumba kwa ukolezo na muda. Kwako, TMRM ileile uliyonayo kwenye friza, mara kumi pungufu, ndiyo chaguo langu.

Tukija kwenye dondoo. Seli zenye dondoo zinawahi kuharibika, na unashawishika kwamba hilo ni tokeo. Inawezekana. Lakini madondoo ya majani, hasa yaliyotolewa kwa ethanoli, hubeba klorofili na mabaki yake, na mojawapo ya mabaki hayo, feoforbaidi, ni kemikali inayojulikana kwa kugeuza mwanga kuwa sumu ndani ya seli. Dondoo lako linaweza kuwa halifanyi lolote gizani na likaua chini ya taa yako. Mimea mingine ina kemikali zinazong'aa zenyewe. Berberini, kwa mfano, ina chaji chanya na huenda kwenye mitokondria kama TMRM inavyoenda. Na flavonoidi kadhaa hubana zile pampu za kutoa dawa, TMRM ikabaki ndani zaidi bila volteji kubadilika hata kidogo. Kwa hiyo kisahani kimoja kiwe na dondoo bila rangi yoyote, kipigwe picha kwa mipangilio ileile kabisa. Mwanga wowote utakaouona hapo ni wa dondoo. Na kisahani chenye kiyeyushi cha dondoo peke yake, ethanoli au DMSO kwa kiasi kilekile, ndicho ulinganisho wako wa haki, si midia tupu.

Halafu unahitaji kuthibitisha kwamba kipimo chako kinasoma volteji. FCCP ya mikromola 1 hadi 5 huua volteji: kwenye nanomola 20 za TMRM, mwanga wa mitokondria unapaswa kushuka ndani ya dakika chache mpaka ukaribie ule wa majimaji ya seli. Midia yenye seramu asilimia 10 huimeza FCCP kwa sababu albumini inaishika, kwa hiyo huenda ukahitaji kiwango cha juu. Mwanga ukipanda kwanza, bado uko kwenye kuzimana, punguza rangi. Oligomisini mikrogramu 1 kwa mililita huipandisha volteji kwenye seli zinazotegemea kupumua, ingawa HeLa hupenda kuchoma glukosi, basi usishangae ongezeko likiwa dogo. Chochote unachokiongeza kisahanini wakati wa jaribio, FCCP au dondoo, kiwe kimechanganywa kwenye midia yenye TMRM nanomola 20 vilevile. Ukimwaga mikrolita 200 za midia tupu kwenye mililita 2 umepunguza rangi karibu asilimia 9, na namba itashuka kwa hesabu ya maji tu. Vaa glavu na uzibadilishe zikidondokewa: DMSO hupita kwenye ngozi na hubeba kilichomo, na FCCP si ya kuchezea.

Kwa swali lako hauhitaji hata sinema ya dakika 20. Weka dondoo kwenye inkubeta kwa saa ulizopanga, gizani, ongeza TMRM dakika 45 za mwisho bila kuondoa dondoo, kisha piga picha *moja* kwa kila eneo, maeneo 15 au 20 ambayo hayajawahi kuona taa, ukitafuta fokasi kwa mwanga wa kawaida. Mtu mwingine aviwekee visahani namba ili usijue kipi ni kipi. Pima mwanga wa mitokondria ukiondoa ule wa sehemu isiyo na seli, na upime pia majimaji ya seli karibu na kiini, maana uwiano kati ya viwili hivyo unakulinda kwa kiasi dhidi ya tofauti za utando wa nje. Seli 200 za kisahani kimoja si majaribio 200. Rudia kwa siku tofauti, na takwimu zihesabu siku, si seli.

Ukiona tofauti baada ya hayo yote, dondoo bila rangi likiwa giza na FCCP ikifanya kazi yake, unaweza kuandika kwamba dondoo *limepunguza ulimbikaji wa TMRM kwenye mitokondria*. Kusema limeshusha volteji kunahitaji kipimo cha pili kisichotegemea rangi hii. Matumizi ya oksijeni ya seli ndiyo ninayoyaheshimu zaidi.

Kuna hali ambazo maandishi hayatakusaidia, na hapo mtafute mtu akae nawe mbele ya mashine. Seli ambazo hazijaona taa zikiwa vipunje mara zote, peleka kisahani kwa mtu anayetunza seli kila siku, apime maikoplazma, umri wa seli na inkubeta. Mwanga ukiwa mkali upande mmoja wa picha, au ukilazimika kupita asilimia 20 za LED ili kuona nanomola 20, huenda vichujio si vya TMRM (inataka kupokea karibu nanomita 548 na kutoa karibu 573) au njia ya mwanga imepinda. Mwombe fundi wa hadubini aje na kipima nguvu ya mwanga, asome wati zinazotoka kwenye lenzi. Na kama chuo hakina mtu wa namna hiyo, Africa Microscopy Initiative iliyoko Cape Town ilianzishwa kwa ajili ya watafiti wa bara hili. Waandikie ukiambatanisha picha ghafi, zisizorekebishwa mwangaza, pamoja na mipangilio ya taa, muda wa picha, jina la kichujio na ukolezo wa kila rangi.